Mwanao anataka gari lingurume? Yajue haya kabla hajafunga ekzosi mpya

Ni Jumamosi jioni. Chakula kiko mezani na Subaru ya nyumbani imeegeshwa uani. Kijana wa miaka 23, ambaye ndiye huiendesha siku nyingi za wiki, anasafisha koo. "Baba, nimeweka akiba. Nataka kubadilisha ekzosi."

Baba anaacha kutafuna. Mama anauliza kama ile iliyopo imetoboka. Dada yake mdogo wa darasa la tatu anataka kujua kama gari litanguruma kama lile la jirani.

Familia nyingi za Nairobi, Nakuru, Eldoret na Mombasa zinaweza kujiona kwenye meza hiyo. Mara nyingi mazungumzo huishia pabaya. Mzazi anakataa kwa kuwa hapendi kelele, kijana ananyamaza, na baada ya wiki mbili gari linarudi nyumbani likiwa na bomba jipya ambalo hakuna mkubwa aliyeliona likifungwa. Asubuhi ya Jumatatu watoto wanapanda kiti cha nyuma kwenda shule kama kawaida.

Hicho kiti cha nyuma ndicho mzazi anachopaswa kukifikiria kwanza. Ekzosi ni njia ya kutoa hewa yenye sumu kutoka kwenye injini hadi nje, mbali na pua za waliomo ndani. Anayeifungua na kuifunga upya amegusa usalama wa kila mtu anayelipanda gari hilo.

Penzi la sauti hii lilianzia wapi

Kabla ya kumlaumu kijana, mzazi mwenye miaka hamsini na kitu ajikumbuke. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Subaru Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda kwa Impreza. Wengi walioshangilia kando ya barabara za vumbi wakati huo leo ni akina baba na akina mama. Mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na Naivasha kuwa kitovu chake, kizazi kipya kikapata cha kushangilia.

Kuna pia soko la magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo Kenya huyaruhusu kuingia yakiwa na umri usiozidi miaka 8. Mama ananunua Forester kwa sababu buti lake linabeba magunia ya viazi na mizigo ya shule. Likiwa ni la turbo, kijana anaona gari la mashindano. Gari ni lile lile, ila kila mmoja analiona kwa jicho lake.

Mngurumo wenyewe hautoki kwenye bomba la nyuma peke yake. Katika Subaru nyingi za turbo, mabomba yanayotoka kwenye injini kuelekea turbo hayalingani urefu, kwa hiyo moshi wa kila mtungi hufika kwa zamu zisizolingana. Ndipo inapozaliwa ile sauti ya kudundadunda. Sailensa ya nyuma huipunguza au huiachia tu. Kijana aliyelipa pesa nyingi kununua sailensa akitarajia mngurumo huo, huku gari lake lina mabomba yanayolingana urefu, atarudi nyumbani na kelele ya kawaida.

Turbo hufanya nini

Injini ya kawaida huvuta hewa kwa nguvu zake. Injini ya turbo husukumiwa hewa. Moshi unaotoka kwenye mitungi huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo limeunganishwa kwa mtaimbo na jingine linalosukuma hewa safi kuingia kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi huchomwa, na nguvu huongezeka. Magurudumu hayo yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wa moshi joto lake hupita nyuzi 800 gari linapokamuliwa.

Moshi ukishapita turbo hushuka kwenye bomba la kwanza, hupita kwenye kisafisha moshi ambacho mafundi hukiita masega kwa kuwa ndani kina vitundu kama vya mzinga wa nyuki, huendelea kwenye bomba la kati hadi sailensa, kisha hutoka nje.

Hapa kijana hasemi uongo. Katika gari la turbo, njia ya moshi ikiwa pana baada ya turbo, gurudumu huanza kuzunguka mapema na gari huitikia upesi zaidi. Ndiyo maana wengi wanaobadilisha huweka bomba la inchi 3, yaani milimita 76 hivi.

Lakini kuna kazi mbili tofauti zinazoitwa kwa jina moja la "kubadilisha ekzosi", na mzazi aulize ni ipi.

Ya kwanza ni kubadilisha sehemu ya nyuma tu, kuanzia baada ya masega. Sauti hubadilika, nguvu huongezeka kidogo, na kwa kawaida kompyuta ya gari haihitaji kuguswa.

Ya pili ni kubadilisha kila kitu kuanzia kwenye turbo. Hapo ndipo nguvu nyingi hupatikana, na hapo ndipo injini nyingi hufia. Moshi ukipita kwa wepesi kupita kiasi, presha ya turbo inaweza kupanda kuliko kiwango ambacho kompyuta ilipangiwa. Hewa inakuwa nyingi, petroli haitoshi, na mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake ndani ya mtungi. Pistoni hupasuka. Gari lililotoka karakana likiruka kama swala hurudi likiwa limefungwa kamba.

Kwa hiyo kazi ya pili haikamiliki bila mtaalamu wa kuipanga upya kompyuta ya gari, akiangalia presha na petroli kwa vipimo. Tena aipangie petroli inayouzwa hapa. Magari mengi ya aina hii yaliundwa kwa soko la Japani, ambako petroli ya daraja la juu hufikia okteni 100. Mpango uliotoka huko haufai kunakiliwa tu.

Kijana akisema pesa zake zinatosha bomba lakini hazitoshi mpangilio wa kompyuta, jibu ni rahisi: pesa hazijatosha. Asubiri.

Sumu isiyo na harufu

Ndani ya moshi wa gari kuna kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu ya moshi tunayoisikia ni ya vitu vingine, kwa hiyo mtu hawezi kujitetea kwa kusema angeinusa.

Gesi hii ikivutwa hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini oksijeni haifiki inakotakiwa. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi. Watoto wadogo hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo huathirika mapema. Mama mjamzito yuko hatarini pamoja na aliye tumboni.

Fikiria safari ya jioni kutoka Nairobi kwenda Nakuru. Watoto wanalala kiti cha nyuma. Mzazi anafurahi kuwa wametulia. Mtoto aliyechoka na mtoto anayelewa gesi hufanana.

Gesi huingiaje ndani? Njia ni chache na zote zinahusu namna ekzosi ilivyofungwa. Gasketi ya zamani imerudishwa badala ya kuwekwa mpya. Maungio yamechomelewa vibaya na yameacha tundu. Bolti zimelegea baada ya wiki chache za matuta na mashimo. Au bomba limekatwa fupi, likaishia chini ya gari badala ya kutokeza nje ya bampa, na moshi ukabaki ukizunguka chini ya sakafu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ekzosi, ufa mdogo unaweza kugharimu zaidi ya ukuta.

Mzazi akumbuke pia buti. Gari la familia likiendeshwa huku mlango wa nyuma umeachwa wazi, labda kwa sababu sofa au kitanda hakikuenea, hewa ya nyuma hurudi ndani pamoja na moshi. Hili ni kweli hata kwa ekzosi nzima. Kwa ekzosi inayovuja ni hatari maradufu.

Jambo jingine ni kile kifaa kinachoacha injini ikinguruma kwa dakika kadhaa baada ya ufunguo kutolewa, ili turbo ipoe taratibu. Vijana wengi wenye magari ya turbo hukipenda. Kikiwa kwenye gari linaloegeshwa ndani ya gereji iliyoungana na nyumba, familia inakwenda kulala huku gesi ikijaa nyuma ya mlango wa jikoni. Kanuni iwe moja: injini haingurumi ndani ya chumba, hata kama mlango uko nusu wazi.

Watu wawili au zaidi wakianza kuumwa kichwa ndani ya gari kwa wakati mmoja, simamisha gari, zima injini, toa kila mtu nje kwenye hewa safi, na mwende hospitalini. Mwambieni daktari kuwa mlikuwa garini. Bila taarifa hiyo, dalili hizi hufanana na za malaria au homa ya kawaida.

Masega yabaki

Kwenye karakana nyingi, fundi atashauri masega yatolewe. Atasema yanaziba moshi, na pengine atajitolea kuyanunua. Hilo si jambo la ajabu: ndani yake kuna madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Kijana anaona amepata punguzo la bei, na mama aliye nyuma ya bodaboda kwenye foleni ndiye anayelipa tofauti.

Kazi ya masega ni kubadilisha sehemu kubwa ya kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, na kupunguza gesi nyingine zinazokereketa mapafu. Yakitolewa, moshi wote hutoka kama ulivyo. Ekzosi hiyo ikivuja, kinachoingia kwenye kiti cha nyuma ni kikali zaidi. Nyumba yenye mtoto mwenye pumu haihitaji kuelezwa zaidi.

Kama masega ya zamani yameziba kweli, na hilo hutokea kwa magari yenye umri mkubwa, yako ya kisasa yanayopitisha moshi kwa wepesi huku yakiendelea kuusafisha. Yana bei. Yaingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Jirani naye ana mtoto

Kelele si suala la adabu peke yake. Wataalamu wa afya kazini huchukulia desibeli 85 kuwa kiwango ambacho mtu asikivumilie zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za barabarani usiku usizidi desibeli 45. Gari linaloingia mtaani saa sita za usiku likipasuapasua huwaamsha watoto wachanga, wagonjwa, na baba anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kazini.

Milio ile ya kupasua kama risasi, ambayo baadhi ya vijana huilipia wakati wa kupangiwa kompyuta, ni petroli inayolipukia ndani ya ekzosi. Hupandisha joto kwenye turbo na huharibu masega. Baba anaweza kuikataa kwa sababu za kiufundi bila kutaja majirani.

Sheria nazo zipo. Kanuni za trafiki za Kenya zinataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi, na kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinakataza kelele zisizo za lazima zinazosumbua wengine. Bima ina neno pia. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli, kwa hiyo gari likiongezwa nguvu, kampuni iarifiwe kwa maandishi. Ikiwa gari liko kwa jina la mzazi, barua ni ya mzazi na hasara ni ya mzazi.

Siku ya kufunga

Mkikubaliana, mzazi aende karakana. Si lazima ajue kazi ya ufundi. Kuwapo kwake, na macho yake, vinatosha kubadilisha namna kazi inavyofanywa.

Gari lifike mapema na kuachwa lipoe kabisa. Turbo na bomba lake hubaki na joto la kuunguza ngozi kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Kama kazi inafanyiwa nyumbani, watoto wakae mbali na uani siku hiyo.

Gari liinuliwe kwa mashine ya karakana au lisimamishwe juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Ekzosi nzima ni nzito na huhitaji watu wawili kuishusha.

Bolti za zamani huwa zimeshikwa na kutu. Fundi mzuri huzipulizia mafuta ya kulegeza na kusubiri. Fundi wa haraka huzikata. Waya wa sensa ya oksijeni utolewe kwanza kabla bomba halijavutwa, la sivyo utakatika na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi.

Bomba jipya likipandishwa, kila ungio liwekewe gasketi mpya. Bolti zote zikazwe kidogo tu mwanzoni, bomba lining'inie kwenye raba zake, likaguliwe kama haligusi sakafu, tangi la petroli, shafti wala bampa. Likishakaa sawa ndipo zikazwe kabisa, kuanzia mbele kwenye turbo kuelekea nyuma. Likikazwa ovyo litagonga kwenye kila tuta.

Kisha inakuja dakika ambayo mzazi asikubali irukwe. Injini iwashwe ikiwa bado baridi, na maji ya sabuni yapuliziwe kwenye kila ungio. Kukiwa na tundu, povu litatoka. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na ndiyo inayoamua kama watoto wapande gari hilo au wasipande. Moshi mwepesi wa dakika za kwanza usimtishe mtu. Mara nyingi ni mafuta ya kiwandani yanayoungua juu ya bomba jipya. Ukiendelea, gari lizimwe na likaguliwe.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, gari lirudi karakana bolti zikazwe tena. Joto hupanua chuma na kukifanya kilegee. Wengi husahau safari hii ya pili, kisha hushangaa kusikia gari likipiga mluzi.

Maswali matano ya kumuuliza fundi

1. Unabadilisha sehemu ya nyuma tu, au kuanzia kwenye turbo?

2. Masega yanabaki, au unaweka mengine?

3. Ni nani atakayepanga kompyuta, na ana vipimo gani vya presha na petroli?

4. Bomba ni la chuma cha kawaida au kisichoshika kutu? Wa Mombasa na Kilifi walitilie mkazo swali hili, kwani hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida upesi.

5. Utapima uvujaji mbele yangu?

Fundi anayejibu bila kukasirika amejua kazi yake. Anayesema "wewe mzee niachie mimi" aachwe na spana zake.

Mezani tena

Turudi kwenye ile meza ya Jumamosi. Baba anaweza kusema hapana na kuendelea kula. Ana haki, hasa gari likiwa lake. Lakini kijana wa miaka 23 mwenye akiba yake ataipata karakana bila ramani.

Anaweza pia kusema: "Sawa, mwanangu. Lakini gari hili humbeba dada yako. Masega yabaki, sailensa ibaki, kompyuta ipangwe kama mnagusa turbo, na siku ya kufunga nakuja. Ukikosa pesa ya kimoja kati ya hivyo, tunangoja."

Masharti hayo yana faida moja zaidi. Kijana atalazimika kwenda kuuliza bei, kulinganisha mafundi, na kuandika hesabu. Huenda akagundua kuwa pesa zake zinatosha sehemu ya nyuma tu, na akaridhika. Huenda akaona afadhali abadilishe matairi na breki kwanza. Huenda akaendelea kuweka akiba mwaka mwingine. Kwa vyovyote, atakuwa amefikiri kama mtu mwenye watu wa kuwabeba.

Na siku ikifika, baba asimame pale karakana, chupa ya maji ya sabuni mkononi, apulizie mwenyewe ungio la mwisho. Povu lisipotoka, ampe mwanawe ufunguo. Dada mdogo atapanda kesho yake.